Gunia la Majani la Mama Mkwe

Mimi shule niliiachia darasa la tatu, kwa hivyo anayetaka maandishi ya kupakwa sukari asome kwingine. Nilianza na panga la kukata miwa, nikaenda kwa matofali, nikaenda kwa baiskeli ya kubeba magunia, na leo nina mashine mbili za kusaga mahindi na nyumba ya mawe. Sikushikiwa hata misumari nikiijenga. Nayasema haya ili ujue kwamba mimi si mwepesi wa kusifu watu. Nikikusifu, ujue umejifyatulia matofali yako mwenyewe.

Mama mkwe wangu nilichelewa kumsifu, na kuchelewa huko kulimgharimu kuku kumi na tisa. Nitaeleza.

Alikuja kwetu baada ya vijana wake kuuza shamba la Lumakanda na kugawana. Alishuka barabarani na furushi moja kichwani, kuku mmoja wa kike kwapani, na leso iliyofungwa fundo kwenye pembe. Kwetu huku, mwanamume na mama wa mke wake hawashikani mkono. Hawali mbele ya mwenzake, na mwanamume haingii nyumba ya huyo mama hata ikiwa inaungua, labda aite watu. Tena mama kuja kukaa kwa mkwe ni aibu ambayo watu huizungumzia sokoni miaka kumi. Yeye aliyajua hayo yote kuliko mimi. Akasimama nje ya geti, akanigeuzia mgongo kama desturi inavyotaka, akamwambia mke wangu kwa sauti ambayo hata kiziwi wa ng'ambo angeisikia:

"Mwambie mwenye boma nimekuja kuomba pahali pa kusimama. Sikuja kuomba sahani. Siku nitakula ugali wake, hiyo siku nirudisheni kwa wale wanangu, nikalale jikoni kwa bibi zao."

Nikamkatia kipande chini karibu na kijito, ng'ambo ya ua wa michongoma, na njia yake mwenyewe ya kutokea barabarani, ili watu wasiseme anakaa kwangu. Akajengewa nyumba ya udongo na mabati. Mimi nilitoa mabati, na hayo alikubali kwa sababu, alisema, bati haliliwi.

Kutoka kwa yule kuku mmoja akafikisha thelathini na mmoja. Hakuwa na kitu kingine. Mayai yalimpa unga, jogoo wa Krismasi alimpa sabuni na mafuta ya taa, na mahindi aliyonunua aliyatuma kusagwa kwa mashine yangu, na akalipa kama mtu mwingine yeyote. Nilijaribu mara moja kumrudishia. Pesa ilirudi kwangu kabla jua halijatua, imefungwa ndani ya jani la mgomba. Kuku wale ndio walikuwa mlango wake. Wakiisha, ingebaki njia mbili tu: sahani yangu au jikoni ya bibi za wanawe. Kila mtu pale nyumbani alijua hivyo, na yeye alijua zaidi.

Kuongea, tuliongea. Hapo kwetu tuna akili ya kuongea bila kuongea. Mimi nilisimama upande wangu nikaongea na ng'ombe, naye alisimama upande wake akaongea na jogoo. Alikuwa na jogoo mmoja mwekundu, mkubwa, mwenye maringo kama askari wa kanjo anayekagua soko.

"Wewe ng'ombe," ningesema, "mvua inakuja kutoka upande wa Buyangu, na kuna watu wameanika mahindi."

Naye ng'ambo: "Jogoo, mwambie huyo ng'ombe mahindi yaliingia ndani zamani, wakati wengine walikuwa wamelala na tumbo juu."

Mke wangu angecheka jikoni mpaka aketi.

Sasa hiyo leso iliyofungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na mbegu za bangi. Nilikuja kujua baada ya miaka, nilipoona mimea mitatu imezidi urefu wa migomba nyuma ya nyumba yake. Mimi ni mzee wa kanisa, na pia nimewaona vijana wa soko la Lubao walioanza na moshi na sasa wanaongea na nguzo za stima. Sheria inakataza, na mimi sitetei. Nilimtuma mke wangu. Akarudi na jibu hili: mama yake alipanda, na mama wa mama yake pia alipanda, mimea mitatu tu, kila mwaka. Vichwa ni vya kiko chake cha udongo, mivuto miwili saa ya alasiri kwa ajili ya magoti, basi. Hauzi, na hampi mtu.

"Na akasema," mke wangu akaongeza huku akijifanya anafunga kitambaa, "kama magoti yako yatakuja kuwa kama yake, uje uongee na jogoo."

Nikaliacha hilo. Huyo ni mama ya watu. Utamfanya nini?

Lakini mtindo wake wa kazi nilikuwa nikiuona kupitia nafasi ya ua, na mtu aliyekula kwa mikono yake hawezi kuiona kazi nzuri akageuza uso. Baada ya kuvuna, aliketi kwenye kigoda na mkasi mdogo wa cherehani wa mke wangu, gunia limetandazwa miguuni. Alishika kichwa kimoja, akakizungusha, akakata vijani vidogo vinavyochomoza, ti, ti, ti, kama mtu anayemnyoa mtoto. Vichwa vyenyewe vilijaa bakuli moja tu. Lile gunia miguuni ndilo lilijaa: majani, vikonyo, vumbi. Mtu mwingine angechoma hayo yote siku ile ile kwa kuogopa. Kwake, hapo ndipo mavuno yalianza.

Majani makubwa aliyakausha, akatandika kwenye viota, kwa sababu alisema utitiri hawaipendi ile harufu. Madogo aliyaponda, akachanganya na pilipili na majivu, akatia kidogo kwenye maji ya kuku kila anaposikia kideri, ule ugonjwa wa kuku, kimeingia kijiji fulani. Vumbi la chini ya gunia aliweka juu ya mahindi ghalani. Mashina aliyafunga matita, akayaning'iniza darini, na wakati wa maharagwe akayachoma pamoja na maganda ya maharagwe, akachuja maji kwenye yale majivu. Ndio munyu wetu wa kienyeji, ule wa kulainisha kunde na mrenda. Ukiuliza hapo kilichotupwa ni kipi, mimi sikukiona. Nilikuwa na fundi wa mashine aliyesomea chuo, na yeye kila wiki alitupa mipira na boliti ambazo zingefanya kazi mwaka mzima. Nikawa namtazama yule fundi na kumfikiria mama mkwe.

Basi mwaka huo nikataka na mimi nifuge kuku. Nisipochukua kitu kikubwa silali. Nikajenga banda la mbao na wavu, nikatia taa, nikanunua vifaranga wa kisasa, na baadaye nikaongeza kuku ishirini wakubwa kutoka soko la Lubao, kwa sababu vifaranga walikuwa wananichelewesha. Kuku wa soko! Hata mtoto anajua kuku wa soko hatiwi moja kwa moja na wale wa nyumbani. Mke wangu alisema. Nikamwambia, "Banda langu lina dawa za duka." Baada ya siku sita mmoja akalala na shingo imepinda. Kesho yake wanane.

Hapa niseme ukweli wangu bila kuzunguka. Niliona aibu. Mzee mwenye mashine mbili, banda la kwanza la aina yake upande ule wa kijito, na kuku wanaanguka kama maembe mabovu. Nikafunga mlango wa banda, nikamwambia mke wangu, "Usimwambie mtu. Hata mama yako." Alfajiri nikawa nazika. Ng'ambo ya ua, jogoo mwekundu akawa anawika, na mimi nachimba.

Siku ya tatu mzee wa mtaa akaja kwenye mashine. Akaegemea mlango, unga unamwanguka kwenye kofia.

"Kesho asubuhi ukae nyumbani," akasema. "Naibu wa chifu anapita. Ana maneno na nyumba zote za upande wa kijito."

"Maneno gani?"

"Mimi natumwa tu, mzee. Lakini alikuwa mkali."

Wiki iliyotangulia, kijiji cha juu, askari walikuwa wameng'oa bangi kwa mtu na wakamchukua yeye na gunia lake. Kwa hivyo unaelewa nilichofikiria. Nilimwona mama mkwe, na magoti yale, akipandishwa nyuma ya gari la polisi, huku watu wamesimama barabarani wakisema: ni mkwe wake aliyemficha, yule mwenye mashine. Sitaficha, nilifikiria mambo hayo mawili kwa pamoja, na sijui lipi lilitangulia.

Asubuhi hiyo yeye aliondoka mapema kwenda kwa kikundi cha kina mama. Mke wangu alikuwa amemsindikiza. Mimi nilikuwa nimemaliza kushusha shimoni kuku kumi na wanne, gambuti zangu, zile buti za mpira, zimejaa kinyesi na manyoya mpaka kifundoni. Nikatazama ua. Nikatazama barabara. Nikapita kwenye ile nafasi ya michongoma ambayo kwa miaka yote ile mguu wangu haukuwahi kuivuka.

Kuku wake wakanikimbilia. Walidhani nimeleta chakula. Wakanizunguka, wakawa wanadonoa yale yaliyoshika kwenye gambuti zangu, tok, tok, na jogoo mwekundu akasimama kando akinitazama kwa jicho moja, maana mimi ndiye yule ng'ombe, sasa nimekuja na miguu.

Nikaingia nyumba ya mama mkwe wangu. Naandika hivyo na mkono unakuwa mzito. Niliinama mlangoni, nikasema "Nisamehe" kwa nyumba tupu. Ndani palikuwa safi kuliko kanisani. Sahani moja. Kikombe kimoja. Kigoda. Viota vimepangwa ukutani, kila kimoja na tandiko lake la majani makavu. Darini yale matita ya mashina. Na kamba iliyoning'inia kwenye msumari, ina mafundo mengi. Nilikaa hapo nikiitazama mpaka nikaelewa ni hesabu ya kuku wake. Hakuwahi kuingia darasa hata moja. Mimi mwenye madarasa matatu nina daftari la mashine, na bado wafanyakazi hunidanganya. Ile kamba hakuna mtu angeidanganya.

Nikabeba gunia la majani; vya viotani na darini sikuwa na muda navyo. Nikaenda nyuma nikang'oa visiki vitatu vya ile mimea. Nikarudi kwangu mbio, mzee mzima, nikavitupa vyote kwenye shimo juu ya kuku waliokufa, nikafukia, nikamwaga majivu na nikakanyaga. Nilifurahi. Nilijiona mwanamume.

Saa nne naibu wa chifu akaja na pikipiki, kofia kwapani. Mke wangu alikuwa amesharudi. Tukaketi sebuleni. Akanywa chai, akauliza habari za mashine, akatoa karatasi mfukoni.

"Mzee, sitazunguka," akasema. "Nimekuja juu ya kuku."

"Kuku?"

"Kideri kimeingia soko la Lubao. Daktari wa mifugo anataka nyumba zote za kijito zijue. Hakuna kuuza, hakuna kuhamisha. Wakifa, shimo refu. Wale wazima watachanjwa Jumatatu. Na kitu kimoja amerudia mara tatu." Akaweka kidole kwenye karatasi. "Viatu. Huu ugonjwa hutembea na viatu. Mtu asitoke banda hili aingie banda lile. Ndiyo maana nilimwambia mzee wa mtaa awe mkali."

Mke wangu, aliyekuwa akimwaga chai, akaacha kumwaga. Alikuwa akizitazama gambuti zangu pale mlangoni, halafu akatazama tope lililotoka kwenye ua, halafu akanitazama mimi. Miaka arobaini ya ndoa. Hakuhitaji karatasi.

Naibu wa chifu alikaa mpaka chakula, kama kawaida yao. Akala obusuma, ugali wetu, na kunde, akaongeza kunde, akapangusa bakuli kwa tonge la mwisho.

"Mama, hizi kunde zinayeyuka! Munyu huu unatoanga wapi? Wa duka haufanyi hivi."

"Ni wa Mama, huko chini," mke wangu akasema bila kumtazama mtu.

"Mwambie anibakishie chupa moja."

Hapo ndipo nilijua kwamba ile miaka yote nilikuwa nakula kutoka mikononi mwa mama mkwe wangu, munyu wa yale mashina yaliyokuwa darini. Yeye hakuwahi kula changu hata punje. Mimi nilikuwa nakula chake kila siku na kusema mke wangu anajua kupika.

Jioni mama mkwe akarudi. Nilikuwa nimesimama karibu na ng'ombe, nikingoja. Nikasikia mlango wake ukifunguka. Nikasikia akizunguka nyuma ya nyumba. Halafu:

"Jogoo. Mwambie huyo ng'ombe kuna mwizi ameingia kwangu. Ameacha sahani, ameacha kikombe, ameacha mayai. Ameiba takataka. Mwizi gani huiba takataka?"

"Ng'ombe," nikasema, "mwambie jogoo ni mimi."

Nikashika pembe ya ng'ombe, nikaendelea.

"Nilidhani chifu anakujia bangi. Nikazika. Ng'ombe, mwambie pia… kuku wangu wamekufa. Siku ya nne sasa. Nilikuja na viatu vile vile."

Nilingoja matusi. Mama mwingine angepiga nduru, mtaa wote ukaja. Yeye akasogea karibu na ua. Kisha sauti, chini kabisa, si ya kumtania mtu:

"Jogoo, muulize. Walidonoa viatu?"

"Walidonoa," nikasema.

"Wote?"

"Wengi."

"Basi aende alale. Na mimi nina kazi."

Kazi yenyewe niliiona kesho yake kupitia nafasi, na sasa sikuona aibu ya kuchungulia, kwa sababu aibu yangu yote ilikuwa imetumika. Alikuwa amewatenga kuku watatu watatu, wengine ndani ya vikapu, wengine chini ya karai, wengine kwenye uzio wa fito alioujenga asubuhi ile ile kwa magoti yale. Kila kikundi na maji yake. Gunia lilikuwa shimoni kwangu, limeoza na mizoga. Kwa hivyo alifanya nini? Alifagia viota. Yale majani makavu yaliyolaliwa mwaka mzima, akayapepeta akaondoa manyoya, akayasugua kwenye viganja mpaka yakawa unga. Akapanda kigoda akakung'uta yale matita ya darini, akakinga kwa leso kila kijani kilichoanguka. Akakung'uta kapu alilokuwa akibebea majani. Masalia ya masalia. Yakajaa kikombe. Kile kikombe chake kimoja. Akaponda na pilipili, akagawanya kwa kijiti, mstari kwa mstari, kila kikundi sehemu yake, na yeye akanywa chai yake kwa kibuyu.

Siku ya tano tangu nivuke ua, kuku wake wa kwanza akapinda shingo. Mke wangu alikuwa akisimama barabarani na kuongea naye kutoka mbali, bila kukanyaga, kisha ananiletea habari. Wanne leo. Sita leo. Jogoo mwekundu anahema. Nilimtuma amwambie kwamba nitanunua kuku wazima ishirini kutoka kwa mfugaji anayejulikana, waliochanjwa, nijaze uwanja wake. Tena desturi ilinidai: mtu akiingia nyumba ya mama mkwe, lazima atoe kitu cha kuosha aibu. Jibu lilirudi haraka.

"Amesema kuku wa kupewa na mkwe ni chakula cha mkwe chenye manyoya. Amesema ngoja kwanza ajue kama anabaki au anafunga furushi."

Maneno hayo ya furushi yalinifanya nisiende kwenye mashine siku mbili. Nilikaa tu karibu na ng'ombe. Daktari wa mifugo alipopita, kijana mpole, amevaa mifuko ya plastiki juu ya viatu, nilimwita.

"Daktari, yale majani yanaponya?"

"Hapana, mzee. Kideri hakina dawa. Chanjo tu, kabla."

"Kwa hivyo anajisumbua."

Akatazama ng'ambo, vikapu na uzio na vibakuli vya maji. "Sikusema hivyo. Huyo mama amewatenga vizuri kuliko shamba lolote nimeona mwezi huu. Na mzee, hebu niambie, kwa nini kideri kilizunguka kijiji kila mwaka na kwake hakikuingia?"

"Majani," nikasema.

"Nani hutembea kwake?"

Nikafikiria. Hakuna. Watu wa kanisa waliogopa ile harufu. Majirani waliogopa askari. Na mimi, mwenye miguu mingi kuliko wote, desturi ilinizuia.

"Basi," daktari akasema. "Hakuna miguu."

Mke wangu alimfikishia mama yake maneno ya daktari, kwamba majani hayaponyi. Mama akasema, "Mwambie daktari alete kuku wake walio hai, tuwapange mstari na wangu tuhesabu." Mimi sijui nani kati yao ana haki. Sikusoma. Ninachojua ni kwamba mtu aliyekuwa akishika kikombe cha masalia na kukigawanya vile, asingeweza kumwacha kuku mmoja bila maji, au kumchanganya mgonjwa na mzima. Mkono unaothamini takataka hausahau kuku.

Siku ya kumi na mbili hakufa hata mmoja. Ya kumi na tatu pia. Kwenye banda langu la taa na dawa za duka walibaki watatu. Kwake, kati ya thelathini na mmoja, walibaki kumi na wawili. Jogoo mwekundu hakuwa kati yao.

Asubuhi ya siku ya kumi na nne nilisimama kwa ng'ombe, na ng'ambo nikamsikia amesimama. Tukakaa hivyo. Nilielewa: hakuwa na mtu wa kuongea naye. Jogoo wake nilikuwa nimemuua mimi. Nikasikia akikohoa, akaita binti yake barabarani, akamnong'oneza. Mke wangu akaja ameuma midomo ili asicheke, na machozi pia yapo.

"Amesema ametaja faini yake. Hataki blanketi, hataki kuku. Anataka gambuti zako."

"Gambuti za nini? Ni kubwa, zitamtoka."

"Zile zile ulizokuja nazo kwake. Na uzioshe. Na amesema uoshe mwenyewe."

Nikaziosha kwa majivu na sabuni mpaka zikang'aa kama siku ya duka. Mke wangu akazipeleka. Mchana nikaona zimefungwa kwa kamba kwenye lango lake la fito upande wa barabara, juu chini, nyayo zikitazama mbinguni, na kila mtu anayepita anajua: viatu vinaishia hapa. Naibu wa chifu mwenyewe, alipokuja kuchukua chupa ya munyu, alisimama pale pale na kupiga hodi kwa mbali.

Mimea haipo tena nyuma ya migomba. Kama leso ina fundo au haina, sijui, sijauliza, na ule ua sijauvuka tena. Matita ya darini aliyachoma na maganda ya maharagwe msimu ule, yote, kukawa na munyu mwingi kuliko mwaka wowote.

Jana jioni nilikuwa nikiongea na ng'ombe juu ya mvua. Ng'ambo nikasikia mwiko ukigonga sufuria, harufu ya ugali wa mahindi yake mwenyewe, na kuku wapya wakilia chini ya mama zao. Kisha akatoka mpaka kwenye lango, akasimama mbele ya zile gambuti, na akasema kwa ile sauti yake ya kwanza, ya kusikiwa na kiziwi:

"Wewe gambuti. Mwambie mwenye mguu wake kwamba kamba yangu imefika mafundo ishirini na saba. Na umwambie asije kuhesabu."

Nikamwambia ng'ombe kwamba nimesikia.